Salt Lick: Nani Mwenyeji wa Ndovu?

Ikitajwa hoteli ya kifahari iliyo katikati ya pori, wengi wetu tunaoishi mijini humfikiria mtalii kutoka ng'ambo, kofia pana kichwani na kamera kifuani, akishuka kutoka kwenye ndege ndogo. Twaona kwamba mahali hapo pana wenyewe. Watoto wetu nao humjua ndovu kutokana na vitabu vya shule, televisheni na sarafu ya shilingi 20. Ajabu ni kwamba ndovu mwenyewe yuko mwendo wa siku moja tu kutoka Nairobi, na kumfikia hakuhitaji ndege. Treni na matatu vyatosha.

Wiki hii twende Salt Lick, hoteli iliyo katika hifadhi ya kibinafsi ya wanyama ya Taita Hills, Kaunti ya Taita Taveta. Tutaionja raha yake, kwa maana raha ipo. Lakini tutavuka mpaka pia tuwaone majirani, kwa sababu ndovu anayekuburudisha usiku ana mashamba ya watu anayopitia akija na akirudi.

Kutoka Voi kwenda Mwatate

Treni ya SGR inayosimama stesheni za njiani huondoka Nairobi asubuhi na kukufikisha Voi mchana, mwendo wa kilomita 330 hivi. Ukishapita Mtito Andei, usisinzie. Reli imeinuliwa juu ya tuta, na chini yake pameachwa njia pana za kupitia wanyama. Ukibahatika utawaona ndovu hata kabla ya kushuka, nao si wa rangi ya kijivu kama wa vitabuni. Ni wekundu kama matofali, kwani huoga vumbi na tope la udongo wa Tsavo.

Ukifika Voi unatafuta matatu za Mwatate na Taveta. Wazee wanaikumbuka barabara hii kwa vumbi lake. Siku hizi ni ya lami. Huko Mwatate utaona mashamba ya mkonge, mistari kwa mistari kama askari gwarideni. Upande wa kulia imesimama milima ya Taita, kilele chake cha Vuria kikipita mita 2,200. Huko juu kuna ukungu, migomba, mboga na vijito. Upande wa kushoto ni tambarare ya miiba na nyasi kavu hadi macho yachoke. Kulia ni maji, kushoto ni kiu. Picha hiyo iweke akilini, msomaji, kwa sababu mambo mengi ya huku yanatokana nayo.

Ukishuka barabarani usidhani utamaliza safari kwa miguu. Ndani ya hifadhi hakuna kutembea, kwa kuwa mwenye njia ni simba na nyati. Ni lazima uwe umepanga na hoteli mapema gari lije kukuchukua. Wenye magari yao hulipa ada ya kiingilio langoni na kuendelea polepole, vioo vikiwa vimefungwa.

Hifadhi ya kibinafsi ni nini?

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi ni mbuga za taifa. Zilitengwa mwaka 1948, zina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 20,000 zikijumlishwa, nazo husimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Hifadhi ya Taita Hills, yenye ekari 28,000 hivi, si sehemu ya mbuga hizo ingawa ni jirani yake. Ni ardhi iliyotengwa na kampuni katika miaka ya 1970 kwa ajili ya biashara ya utalii, ikajengwa hoteli mbili, Taita Hills na Salt Lick, ambazo mwanzoni ziliendeshwa kwa jina la Hilton.

Tofauti utaiona kwenye kanuni. Katika mbuga ya taifa, ikifika saa kumi na mbili jioni kila gari linatakiwa liwe limetoka langoni au limefika kambini. Katika hifadhi ya kibinafsi mwenye ardhi ndiye anayepanga, na ndiyo sababu magari ya hoteli huweza kutoka usiku na kurunzi kuwatafuta chui na fisi. Tena eneo ni dogo kuliko Tsavo, kwa hiyo dereva anayelijua vizuri hatakuzungusha siku nzima kabla hujaona kitu. Kongoni, pofu, pundamilia, swala, kuro, twiga na ngiri huonekana kama mifugo iliyofunguliwa zizini. Simba na duma huhitaji subira zaidi.

Jambo moja tu halimtii mwenye ardhi, nalo ni nyayo za wanyama. Ndovu aliyekunywa maji ya Tsavo jana huweza kuyanywa ya Salt Lick leo, na kesho akawa kwingine. Yeye hakuona hati ya kumiliki shamba ya mtu yeyote.

Nyumba juu ya nguzo

Hoteli yenyewe ukiiona kwa mbali utadhani ni kijiji kilichoinuka kikaogopa kulowa. Vyumba vyake 96 viko ndani ya vibanda vya mviringo vyenye paa zilizochongoka, na kila kibanda kimesimama juu ya nguzo. Vibanda vimeunganishwa kwa njia za juu, kwa hiyo mgeni hutoka chumbani hadi mezani bila kukanyaga ardhi. Chini ya miguu yake wanyama hupita wakielekea kwenye maji.

Hizo nguzo si mapambo. Mbele ya vibanda pana vidimbwi vya maji, na udongo wa hapo una chumvi ambayo wanyama huja kuilamba. Ndiyo maana ya jina Salt Lick. Mnyama anayekula majani na nyasi peke yake hukosa madini fulani mwilini, akaenda kuyatafuta ardhini kama mama mjamzito anavyotafuta udongo wa kula. Kwa hiyo aliyejenga hapa alikuwa na akili: hakuwafuata wanyama, alijenga penye haja yao akanyanyua miguu.

Chini ya hoteli kuna njia ya handaki inayokwenda mpaka kwenye chumba kilichochimbwa kando ya kidimbwi. Madirisha yake yako usawa wa ardhi. Ukiketi humo hutazami ndovu kwa juu tena. Unatazama kucha zake. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele juu roshani, akifika humo hunyamaza mwenyewe bila kukemewa.

Kuhusu anasa za kawaida, zipo: kitanda kipana chenye chandarua, maji ya moto, na meza ndefu za vyakula ambapo kila mtu hujipakulia mpaka aone haya. Lakini hayo utayapata hata Mombasa. Anasa ya Salt Lick ni kuketi tu. Mtu wa mjini, ambaye kila kitu hukifuata mbio, hapa huketi na kikombe cha chai, na dunia ikaja yenyewe.

Usiku

Jua likizama taa huwashwa kuelekea majini, taa zisizo kali ambazo wanyama wameshazizoea. Kwanza huona vidimbwi vitupu na vyura wakiimba. Kisha ghafla ndovu wapo. Hukuwasikia wakija, ingawa mmoja wao aweza kuwa na uzito kuliko magari mawili madogo. Unyayo wa ndovu una mto wa mafuta ndani yake, nao humwezesha kukanyaga matawi makavu kama mtu aliyevaa soksi.

Keti uwatazame vizuri utaona ni familia kama yako. Wa mbele ni jike mzee, bibi wa ukoo; yeye ndiye anayejua maji yalipo mwaka wa njaa. Nyuma yake ni binti zake na watoto wao. Madume wakubwa huja peke yao, baadaye. Kitoto kichanga hakijajua kutumia mkonga, kwa hiyo hupiga magoti na kunywa kwa mdomo, huku mkonga wenyewe ukimsumbua kama tai ya mtoto siku ya kwanza ya shule. Nyati waliotangulia majini husogea kando bila ubishi. Ndovu mzima aweza kunywa lita 100 na zaidi kwa siku, na wakiwa ishirini, fikiria hesabu yake.

Waweza pia kusikia mngurumo wa chini sana, kama lori lililoachwa likinguruma mbali. Hayo ni mazungumzo. Sehemu kubwa ya sauti za ndovu ni nzito mno hata sikio la binadamu haliwezi kuzipata, lakini wenzao walio mbali huzisikia.

Vita vya watu na vita vya maji

Asubuhi, mbingu zikiwa safi, Kilimanjaro huonekana upande wa magharibi. Ni wakati mzuri wa kuwaambia watoto kwamba katika tambarare hii watu walipigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Agosti 1914 Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika waliiteka Taveta. Waingereza wakaweka kambi kubwa Maktau, jirani na hifadhi, wakajenga reli kutoka Voi kuelekea huko. Wanajeshi hawakuweza kusonga mbele haraka kwa sababu ya kiu, ikabidi maji yaletwe kwa bomba kutoka milima ya Bura. Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata ndipo Wajerumani walipoiacha Taveta.

Waafrika waliobebeshwa mizigo katika vita hivyo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na jina hilo ndilo lililogeuka Kariokor, mtaa na soko tunalolijua Nairobi. Kumbe hata mwenyeji wa Kariokor ana nyuzi zinazomfunga na vumbi la Maktau.

Zamani hiyo jeshi zima lilikwama kwa kukosa maji. Leo anayeyatafuta maji hayo ni ndovu na mkulima, na hapo ndipo raha ya Salt Lick inapoanza kuwa na swali.

Ng'ambo ya mpaka

Zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo. Ukitoa pia mashamba makubwa ya mkonge na ranchi, sehemu iliyobaki kwa mwananchi kulima ni ndogo. Milimani kumejaa, vijana huteremka kutafuta shamba tambarare, na huko tambarare ndiko njia ya ndovu ilikokuwa tangu enzi za mababu.

Idadi ya ndovu nayo imekuwa ikipanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukame uliwaua maelfu Tsavo, kisha majangili wakafuata na bunduki. Kufikia 1988 eneo lote la Tsavo lilibaki na ndovu 6,000 hivi, kutoka zaidi ya 30,000 waliokuwapo miaka ya 1960. Mwaka 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe mbele ya macho ya ulimwengu, na ulinzi ukatiwa nguvu. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilipata karibu ndovu 15,000 katika eneo la Tsavo, kati ya 36,000 hivi wa Kenya nzima. Huo ni ushindi, nasi twapaswa kuufurahia.

Lakini ushindi huo unalala nje ya dirisha la nani? Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Huku Mwatate ndovu hawahitaji hata kupigana. Wakipita tu, mahindi yameumia. Mkulima aliyengoja mvua miezi mitano, akapalilia na kulinda ndege, huweza kupoteza shamba zima kwa usiku mmoja. Watu hulala macho wakipiga madebe na kuwasha mioto. Kuna wanaouawa. Kuna watoto ambao asubuhi hawaendi shule mpaka mtu mzima atazame njia kwanza.

Mwaka wa kiangazi ni mbaya kwa wote. Kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa kwa ukame nchini. Hao waliobaki hai hawakungoja kufa. Walifuata maji na majani yalipo, nayo yalikuwa kwa watu.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, ikataja pia fidia ya mimea na mifugo. Kilio cha wananchi ni kwamba malipo huchelewa kwa miaka. Viongozi wa kaunti nao wamedai kwa muda mrefu wapewe mgao wa mapato ya Tsavo, wakikumbusha kwamba hata maji ya chemchemi ya Mzima, iliyo ndani ya Tsavo Magharibi, hupelekwa kwa bomba mpaka Mombasa.

Basi mwenyeji wa ndovu ni nani? Hoteli humpa maji na chumvi, na mgeni hulipia kumtazama. Mkulima humpa mahindi, na hakuna anayempelekea risiti. Wote wawili ni wenyeji, ila mmoja tu ndiye anayelipwa.

Nyuki na ranchi

Haya si mambo yasiyo na dawa. Sagalla, mlima ulio karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya, mzinga hapa na mwingine hatua chache mbele. Ndovu akigusa waya mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mnyama huyo mwenye ngozi nene huogopa kuumwa ndani ya mkonga na pembeni mwa macho, kwa hiyo akisikia tu mvumo wa nyuki hugeuka. Mkulima hubaki na mahindi, na asali juu yake.

Jirani kabisa na Salt Lick, ranchi tatu za wenyeji, Lualenyi, Mramba na Oza, ziliungana zikafanya hifadhi ya jamii iitwayo LUMO, jina lililotokana na herufi za kwanza za ranchi hizo. Humo wenye ardhi ndio walinzi, nao ndio wanaopaswa kugawana kinachoingia langoni. Biashara hiyo si rahisi, kwani watalii wakipungua, kama walivyopungua mwaka 2020 wakati wa korona, pato hukauka kabla ya kisima. Hata hivyo wazo lenyewe ni la haki: anayelala karibu na ndovu ale naye.

Ukitaka kwenda

Familia inayotaka kwenda ijue mambo machache. Bei za hoteli hizi hushuka msimu wa mvua ndefu, na kwa kawaida kuna bei ya wakazi wa Kenya iliyo chini ya ile ya wageni. Ulizia hiyo kabla ya kulipa. Kumbuka tu kwamba mvua ikinyesha sana ndovu hupata maji kila mahali, wasije kwa wingi pale kidimbwini. Anayetaka kuwaona makundi kwa makundi aende kiangazi, hasa Agosti hadi Oktoba, akijua atalipa zaidi. Wanafunzi wa chuo wasioweza bei ya kulala huweza kuchanga wakakodi gari na kuingia hifadhini kwa siku moja.

Beba sweta, kwa maana usiku tambarare hupoa. Beba darubini moja kwa familia nzima, watoto wajifunze kungoja zamu. Acha nguo nyekundu na marashi makali nyumbani, na simu uiwekee kimya.

Ukiwa mezani, muulize anayekuhudumia kabichi imetoka wapi. Ikiwa imeteremshwa kutoka Wundanyi, juu ya mlima, furahi, kwa kuwa pesa yako imefika kwa jirani. Muulize pia ametoka kijiji gani. Ukirudi Voi nunua asali ya Sagalla uipeleke nyumbani, na ukiwa na siku moja zaidi pitia LUMO ulipe kiingilio chao.

Ni mambo madogo, wala hayatamrudishia mkulima wa Mwatate gunia lake la mahindi. Lakini ndovu hatalindwa na taa za hoteli. Atalindwa na yule mtu anayemsikia gizani akivunja mahindi, akaamua kupiga debe badala ya kuchukua mshale. Mtu huyo akikosa sababu ya kuamua hivyo, hata nguzo za Salt Lick zitabaki zimesimama juu ya maji yasiyo na mnywaji.